Njia Isiyotokea

Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine. Barabara hubaki pale ilipochorwa mara ya kwanza. Ushahidi uko Kariakoo, Dar es Salaam. Mitaa yake ilianza kupangwa kwa mistari iliyonyooka enzi za Mjerumani, Mwingereza akaiendeleza. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimepisha maghorofa, lakini Kongo, Swahili na Sikukuu ni mitaa ileile. Mmoja ukiziba, unakata kona na kushika wa pili.

Wataalamu wa mipango miji hupima jinsi mitaa inavyoungana kwa kuhesabu njia zinazokutana mahali pamoja. Njia panda ya pande nne hupewa 4, ya pande tatu 3, na njia inayofia ukutani mwa mtu hupewa 1. Wastani ukishuka, mtaa umejifunga. Kwa kipimo hicho, mwaka 2015 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha kwamba mitaa mipya ya Marekani ilizidi kujifunga kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi miaka ya 1990 ndipo hali ikaanza kugeuka. Kule waliifunga kwa makusudi, magari ya wapita njia yasisumbue wakazi.

Kwetu mitaa hufungwa na mauzo. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.4, ya 2022, milioni 5.4. Jiji limetambaa kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Nyuma ya barabara hizo mwenye shamba hukata kipande akauza, mwakani kingine. Kila mnunuzi huachiwa upenyo wa kufika kwake tu, na wa mwisho huuziba kwa ukuta. Basi majirani waliopakana kwa nyuma, wanaosikiliziana redio, wakitaka kutembeleana kwa gari watoke hadi lami, waingie upya. Safari fupi zote humwagwa kwenye barabara kuu moja. Gari la zimamoto au la majitaka, hata likipenya, halina pa kugeuzia.

Eneo la Sinza, jijini humo humo, lilinusurika kwa sababu viwanja vilipimwa kwanza, miaka ya 1970, kwa mradi wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watu walijenga wakikuta njia. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, linashauri angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara. Mwenye shamba huiona hasara, ila naamini ndiyo inayokipa thamani kiwanja cha ndani. Ukichelewa, kupanua ni kubomoa na kulipa fidia.

Wewe unayenunua kiwanja pembezoni mwa jiji, Chanika, Goba au Bunju, kabla ya kutoa hela tembea hiyo njia mpaka mwisho wake. Ikiishia kwenye shamba ambalo halijauzwa, kaeni na mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mwandikishane upana wa njia na itakapotokea, kisha mwiteni mpimaji aweke bikoni.