Ujira na Pato: Mfano wa Njombe na Makambako

Zama za ukoloni, kijana wa Kibena aliyehitaji fedha ya kodi aghalabu alisafiri hadi Tanga kukata mkonge. Huko alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitolewa baada ya kadi kujazwa. Kampuni ya miwati ilipoanzishwa Njombe mwaka 1949, kazi ya ujira ilianza kupatikana karibu na nyumbani. Baadaye yakaja mashamba ya chai. Nayo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975, pamoja na barabara iendayo Songea, iliifanya Makambako kuwa njia panda ya biashara.

Hata hivyo, kiwango cha ujira na pato si kitu kimoja. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kiwango kikibaki kile kile, pato lake hupungua katika miezi ya baridi, kwa kuwa mchai hauchipui upesi.

Jambo hili ni zito zaidi katika viazi. Tuseme gunia lauzwa shilingi 60,000. Likiwa na kilo 100, mkulima apata shilingi 600 kwa kilo. Likijazwa lumbesa hata likafikia kilo 150, apata shilingi 400 tu, ingawa daftari laonyesha kwamba bei haikushuka! Upungufu huo hauonekani mpaka mizani iletwe sokoni. Na kuli alipwaye kwa gunia amebeba kilo 50 za bure.