Baiskeli ya Umeme ya Bei Nafuu Katika Miinuko ya Ufipa: Anza na Gia Kabla ya Mota



Ndugu msomaji, wakati wa likizo iliyopita nilikuwa kwa fundi baiskeli hapa Majengo, Sumbawanga, nikisubiri kuzibiwa pancha. Akaingia katekista wa kigango kimoja, mzee ninayemfahamu tangu utoto, akisukuma baiskeli ya umeme.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Frateri. Unaona mambo haya? Nina baiskeli ya umeme, na bado nasukuma kwa mkono."

Wanawe walichanga wakamnunulia baiskeli hiyo ili awahi ibada ya Jumapili kigangoni bila kutoka nyumbani usiku. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Kwenye mwinuko ilinguruma, ikapunguza mwendo, mota ikapata moto mpaka haishikiki, na mwisho ikazima. Sasa alikuja kumwomba fundi amfungie mota kubwa zaidi. Fedha aliyokuja nayo ndiyo aliyoitenga kwa ajili ya mbolea ya mahindi.

Fundi hakuipokea. Aliniambia, "Frateri, wewe umesoma fizikia. Tumshauri nini Mwalimu?" Makala haya ni jibu tulilolipata siku ile, pamoja na hesabu zake. Naandika kwa sababu baiskeli za aina hii zinazidi kuonekana katika parokia zetu, na wengi hukimbilia kubadili kitu cha gharama kubwa wakati tatizo liko kwenye kitu cha gharama ndogo.

Mlima unadai nini?

Tuanze na hesabu ya kidato. Chukua mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 25 pamoja na betri yake, na mzigo wa kilo 10. Jumla ni kilo 100. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Anayepanda kutoka bondeni, tuseme upande wa Muze, anajiinua takriban mita 900.

Zidisha kilo 100 kwa 9.81 kwa mita 900. Utapata jouli 882,900, sawa na wati-saa 245. Huo ni umeme unaotakiwa kufika kwenye gurudumu. Lakini mota na kontrola hupoteza sehemu ya umeme kwa njia ya joto. Tukikadiria kwamba asilimia 70 tu ndiyo inayofika, betri italazimika kutoa wati-saa 350. Na hapo hatujahesabu mchanga, makorongo wala upepo wa juu.

Sasa tazama betri. Baiskeli nyingi za bei nafuu huja na betri ya volti 36 na ampea-saa 10. Zidisha: ni wati-saa 360. Yaani kupanda mara moja tu kunamaliza betri nzima, ikiwa mpandaji amekaa tu kama abiria.

Akipiga pedali, mambo yanabadilika. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu bila kuhema sana. Kwa saa mbili hizo ni wati-saa 150, zaidi ya nusu ya kazi yote ya mlima. Kwa hiyo mota ya pili ya baiskeli hii, ile isiyochajiwa kwa umeme, ni miguu ya Mwalimu. Swali la kwanza ni kama baiskeli inairuhusu miguu hiyo kusaidia.

Mota ya kwenye habu haiguswi na gia

Baiskeli za umeme ziko za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina mota katikati, kwenye pedali. Nguvu ya mota hiyo hupita kwenye cheni, kwa hiyo ukibadili gia unaisaidia mota pamoja na miguu. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ina mota ndani ya habu ya gurudumu la mbele au la nyuma. Mota hiyo husukuma gurudumu moja kwa moja. Cheni ni ya miguu peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Ukibadili gia kwenye baiskeli yenye mota ya habu, hujaigusa mota. Umemsaidia mpandaji. Lakini mpandaji akisaidiwa, gurudumu huzunguka kwa kasi zaidi, na mota ya umeme hupenda kasi. Ikizunguka polepole huku imebebeshwa mzigo mkubwa, hula umeme mwingi na kugeuza sehemu kubwa kuwa joto. Ndiyo maana ya Mwalimu ilikuwa haishikiki. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inaburuza mlima peke yake kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Katika mwinuko unaopanda mita 7 kwa kila mita 100, kilo 100 zetu zinahitaji karibu wati 250 ili kwenda kilomita 10 kwa saa kwenye njia ya udongo. Mota iliyoandikwa wati 250 italiweza hilo kwa shida. Miguu ikitoa 75, mota inabaki na 175, na hapo inapumua.

Hesabu meno

Baiskeli ya Mwalimu ilikuwa na gia moja: meno 44 mbele na 16 nyuma. Gawanya 44 kwa 16, utapata 2.75. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara 2.75. Gurudumu la inchi 26 husafiri kama mita 2.07 kwa mzunguko mmoja, hivyo kila mzunguko wa pedali ni mita 5.7.

Kwa kilomita 10 kwa saa, pedali zitazunguka mara 29 tu kwa dakika. Huo ni mwendo mzito mno. Kila kanyago ni kama kupanda ngazi ndefu ukiwa na gunia begani, na magoti ndiyo yanayoumia. Mtu huchoka, huacha kupiga pedali, na kuiachia mota kila kitu.

Linganisha, kwa mwendo uleule wa kilomita 10 kwa saa:

- Meno 44 mbele na 16 nyuma: mizunguko 29 kwa dakika.
- Meno 44 mbele na 22 nyuma: mizunguko 40.
- Meno 36 mbele na 22 nyuma: mizunguko 49.
- Meno 44 mbele na 28 nyuma: mizunguko 51.

Kadiri mizunguko inavyoongezeka, kila kanyago linakuwa jepesi. Hasara yake iko kwenye tambarare. Kwa 44 na 22, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika unafika kilomita 17 kwa saa. Zaidi ya hapo miguu inapoteza maana na mota inakwenda yenyewe. Lakini kwenye tambarare mota haihitaji msaada mkubwa, hivyo hasara hiyo inavumilika.

Njia mbili za kubadili

Njia ya kwanza ni kubadili friwili ya gia moja: kutoa ya meno 16 na kufunga ya 20 au 22. Habu nyingi za mota za bei nafuu zina thredi ya kawaida ya kufungia friwili, lakini mwambie fundi ahakikishe kabla hujanunua. Ukiongeza meno sita nyuma, cheni itahitaji kurefushwa kama pingili tatu. Kwa kuwa cheni huungwa kwa jozi, fundi ataongeza mbili au nne, kisha atasogeza gurudumu ili ikaze sawasawa. Usiunge pingili mpya kwenye cheni iliyolegea kwa uzee. Nunua cheni nzima.

Njia ya pili ni friwili ya gia nyingi, mfano ile ya gia saba yenye meno 14 hadi 28. Hii inakupa wepesi mlimani na kasi kwenye tambarare. Lakini inadai mambo zaidi: nafasi ya kutosha kwenye fremu, cheni nyembamba, kifaa cha kuhamisha cheni, waya na kishikio chake. Fremu iliyojengwa kwa gia moja mara nyingi ni nyembamba mno hapo nyuma. Usikubali ipanuliwe kwa nguvu. Tena kifaa cha kuhamisha cheni huning'inia chini, na kwenye njia za mawe hugongwa na kupinda.

Kwa njia yoyote, kama mota iko nyuma, zima umeme na uchomoe betri kwanza. Waya wa mota hupita ndani ya ekseli, na ukiuvuta au kuupinda unaweza kuua mota nzima. Kariri mpangilio wa washa kabla ya kufungua. Baada ya kurudisha, hakikisha ekseli imekazwa na ina kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke kwenye fremu, kwa sababu mota ikisukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe hujaribu kuzunguka kinyume. Ikifaulu, hukata waya na kuchomoa gurudumu.

Kosa nililolifanya mimi

Naweza kumshauri Mwalimu kwa sababu niliwahi kukosea. Kabla ya kuingia mwaka wa falsafa nilitaka kuiongezea kasi baiskeli ya mjomba. Nikafunga betri ya volti 48 badala ya 36. Nilisikia mlio mdogo, kisha harufu ya kuungua. Kontrola ilikufa pale pale.

Sababu ni rahisi. Betri ya lithiamu ya volti 36 ikijaa hufika volti 42. Ya volti 48 ikijaa hufika 54.6. Kontrola nyingine za volti 36 zina kapasita zenye kikomo cha volti 50. Nilikuwa nimevuka kikomo bila kujua kwamba kipo. Volti zaidi huongeza kasi, na mlima wa Ufipa hauhitaji kasi.

Anayepanda atashuka

Nguvu ileile uliyotumia kupanda mita 900, breki zitaipokea wakati wa kushuka. Ukiteremka taratibu, karibu yote hugeuka joto kwenye breki na ringi: joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji. Raba za breki za bei nafuu huteleza zikipata moto, na ringi ikichemka inaweza kupasua tyubu.

Kwa hiyo anayebadili gia abadili na raba za breki, mbele na nyuma, pamoja na waya zilizoanza kukatika. Unaposhuka, tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia, na simama njiani zipoe. Baiskeli ya umeme ni nzito kuliko ya kawaida, na huwezi kuisimamisha kwa soli ya kiatu kama tulivyofanya utotoni.

Kuhusu betri, chaji kwa chaja yake halisi, mchana, mahali unapoiona, mbali na kitanda na nguo. Ndugu zangu mafrateri, bwenini si mahali pa kuchaji betri kubwa usiku. Betri iliyovimba au kuingia maji isichajiwe tena. Gharama yenyewe ni ndogo: hata yuniti ikiwa shilingi 360, kujaza betri ya wati-saa 360 hakufiki shilingi 200.

Wenzetu wamefanyaje?

Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hutoa baiskeli imara za Buffalo katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo jirani yetu Zambia. Mwaka 2023 lilitoa aina mpya yenye gia mbili. Halikufunga kifaa cha kuhamisha cheni. Liliweka cheni mbili na friwili mbili, na mpandaji hubadili gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Hiyo haina umeme kabisa, lakini inaonyesha kwamba hata wataalamu waliona gia nyepesi inayostahimili njia mbaya ni jambo la kufanyiwa kazi. Kule Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likitumia baiskeli za umeme za AfricroozE, zilizobuniwa kwa ajili ya kubeba mizigo katika mazingira yetu. Ni ghali kuliko ile ya Mwalimu, lakini mpandaji wake naye hupiga pedali.

Mwalimu alifanya nini?

Alichagua njia ya kwanza. Friwili ya meno 22, cheni mpya, raba nne za breki, na kipande cha chuma cha kuzuia ekseli ambacho fundi alikichonga mwenyewe. Alitumia sehemu ndogo ya fedha aliyokuja nayo. Iliyobaki ilikwenda kwenye mbolea kama ilivyokusudiwa.

Nilimkuta tena kabla ya kurudi seminarini. "Frateri, bado kuna kipande kimoja nashuka na kusukuma," aliniambia, "lakini ni kimoja. Na mota naishika kwa mkono." Jumapili iliyotangulia alikuwa amefika kigangoni kabla ya kengele ya kwanza.

Katika Injili ya Luka, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Sisi tuliketi kwenye benchi la fundi, Majengo, tukahesabu meno. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujanunua mota kubwa, geuza baiskeli yako juu chini na uhesabu ya kwako.