Pikipiki ya Umeme: Mlima Inauweza, Mteremko Je?

Pikipiki ya umeme imesingiziwa mno kwamba haiwezi mlima. Mota yake hutoa nguvu kubwa tangu tairi linapoanza kuzunguka, bila kutafuta gia. Kigali, mji wa vilima vitupu, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki hizo mwaka 2019. Kampuni changa inayotaka kuzileta Mbulu na Hanang isikose usingizi kwa ajili ya kupanda. Ihofie kushuka.

Chukua barabara ya Magara, inayokwea ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo, tuseme jumla kilo 280. Kuzipandisha mita 700 kunahitaji nusu uniti na kidogo, uniti hizihizi za LUKU. Ongeza kinachopotelea kwenye joto la mota na ubovu wa njia, ifike uniti 1. Betri ya uniti 3 bado ina akiba.

Kioja kiko kwenye kurudi. Kwa pikipiki yenye mfumo wa kurudisha umeme, dereva akiachia mwendo mota hugeuka jenereta: tairi ndilo linaloizungusha, umeme unarudi kwenye betri, pikipiki inajizuia yenyewe kama ile ya petroli inayoshuka na gia. Ila betri iliyojaa haipokei kitu. Seli za lithiamu zikizidishiwa chaji huharibika, hata kushika moto, hivyo kifaa kinachozilinda hukata njia. Sasa weka kituo cha kubadilishia betri juu, pale ukingoni. Dereva anapewa betri iliyojaa pomoni, anafunga magunia ya vitunguu saumu vya Mbulu, anaanza kushuka. Mota haimzuii, gia hana. Amebaki na breki tupu, nazo kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyolegea.

Dawa yake si ghali: anayeshuka apewe betri yenye asilimia 85, na kituo kikubwa kiwe chini, wanakoanzia wapandaji. Majaribio ya tambarare za Dar es Salaam hayawezi kumfundisha mtu jambo hili. Vijana wa Magara wanaoshuka na mizigo kila siku wangelisema mapema, lakini ni nadra mwenye mtaji kuanza kwa kuwauliza.

Mengine yanajulikana. Babati hadi Katesh ni takribani kilomita 75, karibu betri nzima. Umeme ukikatika kwenye kituo cha mwisho, dereva amekwama. Fundi wa kabureta yupo kila senta, wa kontrola hayupo. Na Katesh, baada ya tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 kuua watu zaidi ya 80, kujenga kituo kando ya korongo ni uzembe.

Nami sitaishangilia kampuni yoyote isiyosema betri zake chakavu zitakwenda wapi. Tumeshazoea kutupa betri za tochi shambani. Hizi ni kubwa na zinawaka. Kampuni ya WAGA ya Iringa huunda betri mpya kwa seli za kompyuta za mkononi zilizotupwa, kwa hiyo kisingizio hakuna. Betri iliyochoka kuvuta pikipiki bado inawasha taa za duka, inachaji simu, inaendesha mashine ya kinyozi, redio, pampu ndogo ya bustani.