Nusu Saa ya Kutazama Bahari

Nuru haifiki mbali majini, lakini sauti husafiri humo kwa kasi ya meta 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Ndiyo maana nyangumi na pomboo hutegemea zaidi masikio kuliko macho. Kwa sauti huitana. Na pomboo hutafuta samaki kwa mwangwi.

Watafutaji wa mafuta na gesi nao hutumia mwangwi. Meli hukokota mizinga ya hewa iliyoshindiliwa. Kila baada ya sekunde chache hewa hiyo huachiliwa ghafla, na mshindo wake hupenya miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari. Mwangwi unaorudi huonyesha matabaka yalivyopangika. Lakini mshindo huo waweza kudhuru masikio ya mnyama aliye karibu, na kufunika sauti za wenzake walio mbali.

Je, kazi hiyo yaweza kufanywa kwa uangalifu? Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 1995. Kama ulivyorekebishwa mwaka 2017, mtazamaji aliyefunzwa huchunguza bahari kwa dakika 30 kabla ya mizinga kuanza. Penye kina kinachozidi meta 200, dakika 60, kwani wako nyangumi wazamao kwa muda mrefu. Mnyama akionekana ndani ya meta 500, kazi huahirishwa kwa dakika 20 au zaidi. Kisha mizinga huanza kwa nguvu ndogo, ikaongezwa polepole kwa dakika zisizopungua 20. Katika muda huo, mnyama aogeleaye kilometa 6 kwa saa aweza kwenda kilometa 2.

Hata hivyo, macho hayafai kitu usiku wala katika ukungu. Vyombo vya kusikilizia majini husaidia, ila mnyama aliyenyamaza hasikiki. Tena mwongozo huo haukulazimisha kuzima mizinga iliyokwisha kufikia nguvu kamili.

Basi kinga iliyo bora huamuliwa kabla meli haijang'oa nanga, kwa kuchagua majira. Katika bahari ya Tanzania, ambako gesi ya kina kirefu iligunduliwa kuanzia mwaka 2010, nyangumi wenye nundu hufika kuzaa na kulea kati ya Julai na Oktoba hivi. Miamba haihami, yaweza kuwasubiri waondoke.