Sura ya Saba: Matairi Mapya ya Gari la Fowili

Ingia duka lolote la matairi, useme una Prado, na muuzaji atakutolea kwanza tairi lenye kashata kubwa kuliko yote dukani. "Bosi, hili ndilo lenyewe, hata kwenye tope halilali." Utalipiga teke, utaridhika na sura yake, na mazungumzo yatahamia kwenye bei. Kufikia hapo hakuna aliyeuliza gari linabeba nini, linapita wapi, wala tairi lilitengenezwa mwaka gani.

Sura hii inageuza mpangilio huo. Anza na kipimo, fuata uzito, kisha umri, kisha ugumu wa ubavu. Kashata zije mwisho. Sababu ni rahisi: ukikosea kashata utakwama, utavutwa na trekta, na utafika umechelewa. Ukikosea uzito au umri, tairi litapasuka gari likiwa kwenye mwendo.

Kusoma ubavu

Tuchukue maandishi yanayokutwa kwenye Prado nyingi: 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Inayofuata, 65, ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, yaani takriban milimita 172. R inamaanisha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, muundo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946 na ambao leo umeenea karibu kila mahali. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni alama ya uzito na S ni alama ya mwendo: kilo 1,120 kwa tairi moja, na kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa.

Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, unapata kimo cha tairi zima, ambacho hapa ni milimita 776. Hiyo ndiyo namba ya kuondoka nayo nyumbani. Prado za matoleo mbalimbali zimetoka kiwandani na 265/70R16, 265/65R17 au 265/60R18, na ukipiga hesabu utakuta 777, 776 na 775. Kiwanda kimebadilisha rimu, lakini kimo kimebaki palepale.

Hapo kuna nafasi nzuri kwa mtu wa njia mbaya. Rimu ndogo huacha ubavu mrefu zaidi, na ubavu mrefu hunyumbulika juu ya mawe badala ya kubanwa kati ya jiwe na chuma. Mwenye rimu za inchi 18 anaweza kushuka hadi 17 na kupata raba zaidi bila kugusa kimo. Ila ajaribishe rimu moja mbele kwanza, kwa sababu kwenye baadhi ya matoleo rimu ndogo hugusa kalipa ya breki.

Ukitaka tairi kubwa zaidi

Wengi hutaka gari linyanyuke, wanavaa 285/70R17. Kimo chake ni milimita 831, yaani limezidi la kiwandani kwa asilimia 7. Sehemu ya chini ya ekseli inapanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kama milimita 27, kwa hiyo difu inapata sentimita mbili na ushee za kupita juu ya jiwe.

Malipo yake ni haya. Spidomita ikisoma 100, gari liko 107. Ukiingia mjini kwenye kibao cha 50 na mshale umetulia kwenye 50, tochi ya askari itasoma 53. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi nazo zinapungua: ukidhani umetembea 10,000 tangu ulipomwaga oili, umetembea 10,700. Gia zote zimekuwa ndefu, kwa hiyo gari linachoka mlimani na linakunywa mafuta zaidi. Tairi huanza kusugua madigadi ukikata kona kali, na spea inaweza kugoma kuingia mahali pake chini ya bodi. Anayehitaji kweli tairi kubwa atayapangia haya yote. Anayetaka sura tu atayalipia kila siku.

Uzito kwanza, mwendo baadaye

Alama ya uzito haihusiani na uzito wa gari tupu. Kinachoulizwa ni kilicho juu ya ekseli ya nyuma siku gari limejaa. Chukua pikapu ambayo ekseli yake ya nyuma inabeba kilo 2,300 ikiwa na mzigo. Kila tairi la nyuma linapokea kilo 1,150, na alama inayolingana na uzito huo ni 113. Tairi la 112 linakaribia sana, lakini halitoshi. Tairi la 116, lenye kilo 1,250, linatosha na linabakiza akiba kidogo.

Akiba hiyo ndiyo inayoliwa na magunia mawili ya ziada, tanki la maji juu ya keria, na upepo uliopungua bila dereva kujua. Kwa hiyo usikubali kamwe kushuka chini ya alama iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata kama tairi ni la jina kubwa na bei imepunguzwa.

Upande wa mwendo, matairi mengi ya kashata kubwa huandikwa Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Kwa barabara zetu na magari haya, hiyo ni zaidi ya kutosha.

Umri wa tairi

Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne ndani ya kidude chenye umbo la yai. Ukikuta 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na fundi akifunga tairi upande huo ukatazama ndani, hutaziona tena mpaka ulale chini ya gari. Zisome kabla tairi halijaingia kwenye rimu.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu karibu kila tairi jipya linafika kwa meli. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na kile cha Nairobi, kilichojulikana kwa matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016. Tairi la leo limekaa kiwandani, limekaa kwenye kontena, limekaa ghalani, na pengine limeanikwa mbele ya duka juani miezi kadhaa. Raba hukauka hata bila kutembea. Ikikauka hushika vibaya kwenye lami yenye maji, na nyufa ndogondogo huanza karibu na maandishi ya ubavu.

Ushauri wa watengenezaji wakubwa ni tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na litolewe likifikisha miaka kumi tangu lilipotengenezwa, hata kama kashata zimebaki. Spea imo kwenye hesabu hiyo. Ile inayoning'inia kwenye mlango wa nyuma imepigwa jua miaka yote bila kukanyaga ardhi.

Tairi la mtumba hupimwa kwa kanuni hiyohiyo, na ukaguzi wa ziada: liangalie kwa ndani, si kwa nje tu. Kiraka kilichobandikwa karibu na ubavu, au duara la unga wa raba kuzunguka ukuta wa ndani, ni dalili kwamba liliwahi kutembea bila upepo. Nyuzi zake zimeshasagika. Liache.

Ubavu mgumu au mlaini

Kuna matairi mawili yanayofanana kipimo na kashata lakini yamejengwa tofauti kabisa. La kwanza limejengwa kama la gari dogo, ubavu wake mwepesi, linalala vizuri kwenye lami. La pili huandikwa LT mbele au nyuma ya kipimo: ni la malori mepesi, lina tabaka nene zaidi na mara nyingi huandikwa pia 8PR au 10PR. Kadiri namba hiyo inavyopanda, ndivyo tairi linavyoweza kubeba upepo mwingi na mzigo mwingi.

Kwa mwenye kwenda Loliondo, Ziwa Natron au popote penye mawe makali na miba ya migunga, LT ndilo tairi lenyewe. Tundu la msumari katikati ya tairi huzibwa na safari ikaendelea. Jeraha la ubavuni halizibiki. Kwa anayeishi kwenye lami, LT ni uzito wa bure: gari linarukaruka, breki zinafanya kazi zaidi na mafuta yanakwenda.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Ukitoka kwenye tairi laini ukaingia LT la kipimo kilekile, upepo ule wa zamani hautoshi tena. LT linahitaji PSI zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo muulize muuzaji jedwali la mtengenezaji, uongeze.

Sasa kashata

Madaraja ni matatu. H/T ni la lami: kashata za karibukaribu, halina kelele, linakamata vizuri mvua ikinyesha. A/T ni la mchanganyiko: mianya mipana kidogo, raba ngumu zaidi, linavumilia changarawe. M/T ni la tope: vipande vikubwa vilivyoachana ili udongo urushwe nje tairi linapozunguka.

Mahali M/T linapolipa ni kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ule wa Ndutu au Usangu. Udongo huo ukilowa hujaza mianya ya A/T ndani ya mizunguko michache, na tairi linageuka duara la tope lisilo na meno. M/T hujisafisha na kuuma tena. Lakini likirudi kwenye lami yenye maji linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, linavuma masikioni safari nzima, na linaisha haraka.

Kwenye mchanga mkavu mambo ni kinyume. Meno makubwa huchimba, na gari linajizika lenyewe. Huko kinachosaidia ni kupunguza upepo.

Usiyumbishwe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Inathibitisha kwamba tairi limefaulu jaribio la theluji, jambo jema kwa mtu wa Norway.

Manne kwa mpigo

Fowili haina huruma na matairi yasiyolingana. Kwenye gari linalozungusha magurudumu yote muda wote, kama Forester au Prado, tofauti ya kimo hufanya difu ya kati au kapulingi yake ifanye kazi bila kupumzika. Fikiria tairi moja jipya lenye kina cha milimita 8 na mengine matatu yaliyobakiwa na 4. Tofauti ya milimita 4 kuanzia katikati ya gurudumu inakuwa milimita 25 kwa mzunguko mmoja. Subaru huelekeza tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6. Tairi moja "la kuokoa pesa" linaweza kuja kudai gia boksi.

Gari ambalo dereva huingiza fowili mwenyewe, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, linavumilia zaidi likiwa kwenye magurudumu mawili. Lakini siku utakapoingiza fowili kwenye ardhi ngumu, matairi ya mbele na ya nyuma yakiwa na vimo tofauti, transfa ndiyo itakayoumia. Nunua manne. Ukiweza nunua matano, na uizungushe spea pamoja na mengine kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yote yazeeke pamoja.

Upepo ndio unaokamilisha

Baada ya kufunga, jaza kwa kibandiko cha mlango, au kwa jedwali la mtengenezaji kama umevaa LT, kisha pima kwa chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukata uso wa tairi kutoka bega hadi bega, endesha mita chache kwenye lami iliyonyooka, ushuke uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika sawasawa, andika PSI hiyo na mzigo uliokuwemo.

Kwenye changarawe ndefu yenye makunyanzi, kupunguza kama sehemu moja ya tano na kupunguza mwendo huokoa raba na shokapu. Kwenye mchanga mzito shuka hadi PSI 18 au 20, tembea polepole, usikate kona kwa nguvu. Ukifika lami jaza tena kabla hujakanyaga mafuta, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkali huchemka kutoka ndani, na dereva haoni kitu mpaka lipasuke. Nati za rimu nazo zikazwe upya baada ya kilomita mia ya kwanza.

Kuamua

Prado ya Dar es Salaam inayokwenda Dodoma kikazi na kijijini Desemba inahitaji H/T, au A/T tulivu, la kipimo cha kiwandani. Gari la kazi ya watalii au la mradi wa vijijini linahitaji A/T lenye ubavu wa LT, katika kipimo ambacho kinapatikana kwenye mji mdogo ulio njiani. Uliza kabla ya kununua, maana tairi zuri lisilopatikana Sumbawanga litakulaza Sumbawanga. M/T libaki kwa wale ambao tope ni kazi yao ya kila wiki.

Na bajeti ikibana, punguza kwenye jina na kwenye kashata. Tairi la jina dogo lenye alama sahihi ya uzito, kimo sahihi na tarehe ya karibuni litakufikisha salama kuliko la jina kubwa lililozeekea dukani.