Kambi ya watoto wa mjini Kilema: waende kama wageni

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, vikundi vingi vya mjini hufikiria kuwapeleka watoto kambini kijijini. Nia huwa njema: mtoto aone wenzake wanavyoishi. Lakini akishuka kwenye basi na mfuko wa nguo kuukuu za kugawa, atarudi na somo moja tu, kwamba yeye ni wa kutoa na mwenzake ni wa kupokea. Mtoto wa kijijini naye atalishika somo hilo hilo.

Tuchukue mfano wa Kilema, Moshi Vijijini, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1890. Shule na hospitali zipo, lakini maisha si mepesi. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vingi havifiki hekta moja. Bei ya kahawa haitabiriki. Vijana wengi wameteremka mjini, na katika nyumba nyingi wamebaki bibi na wajukuu.

Hata hivyo, wenyeji hawa ni walimu. Kihambani miti mirefu huikinga kahawa na jua, migomba hulisha watu, majani na mashina yake hulisha ng'ombe zizini, na samadi hurudi kwenye migomba. Maji ya mifereji ya asili hugawanywa kwa zamu. Sale huonyesha mpaka wa kihamba, na jani lake hupelekwa kwa jirani kuomba msamaha.

Waandaaji wa kambi wazingatie haya:

1. Wazungumze mapema na uongozi wa kijiji kuhusu idadi ya watoto, malazi, maji na vyoo.

2. Ndizi, maharage na maziwa vinunuliwe hapo hapo kwa bei ya haki, ili ugeni usiwe mzigo.

3. Watoto wachote maji, wakate majani ya ng'ombe na wamenye ndizi za mtori pamoja na wenyeji wao. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

4. Kama upo msaada, wenyeji wataje wanachohitaji, nao ukabidhiwe kwa kamati ya shule au ya kijiji, si kwa mtoto mbele ya kamera.

5. Kila mtoto awe na kibali cha maandishi cha mzazi, na kwa kambi ya Juni, sweta na blanketi.

Likizo inayofuata, watoto wa Kilema nao waalikwe mjini, walale katika nyumba za wenzao na waonyeshwe kazi za huko.