Buji ya moteri ya mazutu ikikamata: namna ya kuitoa bila kuharibu kilasi

Magari ya zamani ya mazutu ndiyo yanabeba wagonjwa, viazi, makala na abiria kwenye milima ya Kivu. Kuwaka kwao asubuhi kunategemea pyesi ndogo inayolingana na kidole: buji ya kupasha moteri moto. Pyesi hiyo si ya bei kubwa. Lakini siku ya kuitoa, kama imekamata ndani ya kilasi, kazi ya saa moja inaweza kugeuka hasara ya wiki nzima, na gari iliyokuwa inatembea ikabaki juu ya mawe katika kiwanja cha garaji.

Wakaaji wa Lubero, Butembo, Masisi ao Minembwe wanajua hali hiyo bila kufundishwa. Mbele ya jua kupanda, shofere anazungusha ufunguo, moteri inalia kwa muda mrefu, moshi mweupe wenye kunuka mazutu unatoka nyuma, kisha batri inachoka. Ndiyo maana mashofere wengi wanaacha gari kwenye mtelemko jioni, ili kesho yake isukumwe na kuwaka. Lubumbashi nayo inapitia hayo mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi. Kwa gari ya biashara, ni saa moja ya kazi iliyopotea. Kwa gari ya wagonjwa ya kituo cha afya, mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja jua liwashe moteri.

Moteri ya mazutu haina cheche kama moteri ya esansi. Inakandamiza hewa mpaka hewa yenyewe inapita digri 500, na mazutu ikinyunyizwa humo inawaka peke yake. Moteri ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, yenye litre 4,2 na silindri sita, inayojulikana tangu mwaka wa 1990, inakandamiza hewa karibu mara 22. Mazutu yake inaanzia kuwaka katika chumba kidogo kilicho ndani ya kilasi. Asubuhi, kuta za chumba hicho ni baridi na zinanyonya joto la hewa. Hapo buji inaingia kazini: kwa sekunde chache ncha yake inakuwa nyekundu, inapita digri 800, na mazutu inapata mahali pa kuwakia.

Kimo cha milima kinaongeza shida. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na hapo hewa imepungua kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Lubero na Minembwe ni juu zaidi. Moteri inayopata hewa kidogo inakandamiza kidogo, na joto linapungua. Gari iliyokuwa inawaka vizuri Uvira na buji mbili zilizokufa inaweza kukataa kabisa ikifika mlimani.

Sasa, kwa nini pyesi iliyofungwa kwa mkono inakataa kutoka kwa mkono? Sababu ya kwanza ni kaboni. Masizi ya mazutu yanajaza nafasi nyembamba kati ya ncha na tundu lake, mwaka kwa mwaka, mpaka yanakuwa magumu kama jiwe. Sababu ya pili ni kutu kwenye fileti: buji nyingi zinakaa katika shimo ambamo maji ya mvua na matope ya barabara yanalala, na kama kilasi ni cha aluminyumu, kama kwenye moteri ya 1KZ ya Prado, chuma cha buji na aluminyumu vinakulana kidogo kidogo. Sababu ya tatu ni fundi aliyetangulia, aliyekaza kupita kiasi akifikiri anafanya vizuri. Kuna pia buji ambayo ncha yake imevimba kwa sababu ya umeme mwingi. Hiyo fileti yake inazunguka vizuri, lakini ncha inakataa kupita tunduni.

Kupima mbele ya kushika kle

Kosa linalorudi mara nyingi ni kuanza kufungua buji bila kujua kama imekufa. Kupima hakuhitaji mashine. Fundi anatoa waya ao kibao cha chuma kinachounganisha buji zote, anachukua taa ndogo ya volti 12, anaunga waya mmoja kwenye chanya ya batri na wa pili anagusisha kichwa cha buji. Taa ikiwaka, umeme unapita ndani ya buji, maana yake waya wake haujakatika. Mwenye kifaa cha kupima umeme anaona karibu ohm 1 ao chini yake kwa buji nzima. Ile iliyokufa haipitishi kitu.

Kisha anaangalia kama umeme unafika mpaka kwenye buji wakati ufunguo umezungushwa. Kama haufiki, shida iko kwenye rele, kwenye fuzibu ao kwenye waya ulioliwa na kutu. Buji ngapi nzima zimevunjwa ndani ya kilasi wakati ugonjwa ulikuwa kwenye rele! Dakika kumi za kupima zingetosha.

Hata kama buji moja imekufa kweli, kuna swali lingine: ni lazima itoke? Moteri ya silindri sita yenye buji tano nzima itawaka asubuhi nyingi za Bukavu ao Goma. Itatikisika kidogo, itatoa moshi, kisha itatulia. Fundi mwenye busara anamwambia mwenye gari ukweli huo. Kama buji inakataa na gari ina kazi kesho, kuiacha mahali pake si aibu. Inaweza kungoja siku ambayo kilasi kitafunguliwa kwa sababu nyingine.

Njia ambayo haifai kabisa ni ile ya kunyunyiza dawa ya kuwashia, ile ya eteri, katika mlango wa hewa huku buji zinapasha moto. Eteri inawaka mapema kuliko mazutu. Ikikuta ncha nyekundu, inalipuka pistoni ingali inapanda, na kinachovunjika hapo ni segma ao pistoni yenyewe. Kitambaa kinachowaka moto mbele ya mlango wa hewa, kama wengine wanavyofanya, kina hatari yake pia: majivu na vipande vyake vinaingia ndani.

Siku tatu za kulowesha

Buji iliyokamata inaombwa kwanza kwa mafuta. Fundi anaanza kwa kusafisha shimo lake kwa burashi ngumu na hewa ya kompresere, sababu mchanga wowote utakaobaki pale utaanguka ndani ya moteri buji ikitoka. Kisha ananyunyiza mafuta ya kupenya, yale ya kulegeza kutu. Mafundi wengine wanachanganya mafuta ya bwati otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, lakini asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo hauwekwi juu ya moteri ya moto wala karibu na sigara. Aliyekosa vyote anatumia petroli ya taa. Haina nguvu sawa, lakini ni bora kuliko kufungua pakiwa pakavu.

Mafuta yanawekwa jioni, moteri ikiwa imepoa, na gari inaendelea na kazi yake mchana. Jioni inayofuata, tena. Ya tatu, tena. Joto na baridi vinavyopokezana vinafungua nafasi ndogo, na mafuta yanazidi kushuka. Siku hizo tatu zinamuuma mwenye gari kwa sababu anaona fundi hafanyi kitu, na zinamuuma fundi kwa sababu halipwi kwa kungoja. Lakini gari haijalala garajini hata siku moja.

Siku ya kutoa, moteri inatembezwa mpaka inapata joto lake la kawaida, kisha inazimwa na kazi inaanza palepale. Kwa kilasi cha aluminyumu jambo hili lina uzito: aluminyumu inapanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma, kwa hiyo tundu linafunguka kuliko buji inavyonenepa. Glavu zinahitajika, na hakuna kunyunyiza kitu chenye kushika moto wakati huo.

Inakuja sasa sehemu ya mkono. Viwanda vya buji vinatoa mipaka ya nguvu: buji yenye fileti ya milimita 8 iko katika hatari ya kukatika kuanzia Newton-mita 20, ya milimita 10 kwenye 35, ya milimita 12 kwenye 45. Kwa kle ya sentimita 25, Newton-mita 35 ni kama kuning'iniza kilo 14 kwenye mwisho wake. Fundi akiongeza bomba la mita moja ili apate nguvu, kilo tatu na nusu zinatosha kufikia mpaka uleule. Ni uzito wa kuku mkubwa. Mkono wa mtu mzima hausikii hata tofauti, na ndiyo sababu buji nyingi zinakatika mikononi mwa watu wenye nguvu na bomba refu.

Kle yenye kuonyesha nguvu inayotumika ingefaa kuwa katika kila garaji. Pale isipokuwepo, kle fupi inasaidia: duyi ndefu inayokaa wima kabisa juu ya buji, mkono mmoja unashikilia kichwa chake kisipinde, mwingine unavuta taratibu. Buji ikisogea hata kidogo, hairuhusiwi kufunguliwa moja kwa moja. Inarudishwa kukazwa kidogo, inafunguliwa tena zaidi kidogo, mafuta yanaongezwa, mbele na nyuma. Ikifika mpaka na bado haijasogea, fundi anaacha. Mafuta tena, siku nyingine tena. Pistole ya hewa ya kufungulia magurudumu haina nafasi hapa.

Ikikatika

Buji inaweza kukatika juu, penye kichwa cha kushikia, na kuacha fileti ndani. Hapo bado kuna tumaini. Mafundi wenye vyombo wanatoboa mwili wake katikati kabisa, wakitumia kiongozi cha chuma ili ncha ya kutobolea isiteleze na kula fileti ya kilasi. Ncha ya kutobolea inayozunguka kwa upande wa kushoto mara nyingine inatoa kipande chenyewe njiani. Kazi hii haifanywi kwa jicho tu, na haifanywi usiku kwa mwanga wa simu.

Ubaya mkubwa ni ncha kubaki ndani na kuanguka. Kwenye moteri zisizo na chumba kidogo, inaanguka juu ya pistoni. Moteri ikiwashwa hivyo, pistoni na kilasi vinapigana na chuma hicho mpaka vinapasuka. Kwenye 1HZ na ndugu zake wa zamani, inaweza kubaki katika chumba kidogo, na fundi akitoa injektere anapata mlango wa kuitafutia. Sumaku mara nyingi haiikamati, kwa sababu ganda la ncha lina nikeli nyingi. Inahitaji koleo ndogo, taa na uvumilivu. Bila hivyo, kilasi kinatoka: jwenti mpya, kupima kama uso wa kilasi umenyooka, kurudisha kila kitu mahali pake. Kwa gari ambayo pyesi zake zinasafiri kutoka mbali, wiki inapita haraka.

Kabla moteri haijafungwa tena

Buji zote zikitoka salama, fundi anapata nafasi ambayo haiji kila siku. Matundu yale ndiyo yanatumika kupima mukandamizo wa kila silindri, na mwenye gari atajua kama moteri yake imechoka ao la kabla hajalipa buji mpya. Moteri yenye segma zilizokwisha haitaponywa na buji.

Tundu linasafishwa kwa chombo cha kukwangua kilichopakwa grisi, ili kaboni inase humo isianguke. Kisha moteri inazungushwa kidogo na stata, watu wakiwa mbali na matundu, ili vumbi lililobaki litoke. Buji mpya inapakwa grisi kidogo ya kuzuia kukamata, kwenye fileti tu, ncha ikibaki safi. Inaingizwa kwa vidole mpaka mwisho. Kukaza hakuhitaji zaidi ya Newton-mita 10 kwa fileti ya milimita 8, kama 15 kwa ile ya 10, na 22 mpaka 25 kwa ile ya 12. Maandishi ya volti yanasomwa pia: kuna Land Cruiser za volti 12 na za volti 24, na buji isiyolingana na gari itaungua upesi ao haitapata moto wa kutosha.

Zile za zamani hazitupwi mbele ya kuangaliwa. Ncha zote zilizovimba zinaonyesha rele inayokwama na kuacha umeme ukipita wakati moteri imekwisha kuwaka. Isipobadilishwa, buji mpya zitafuata njia hiyohiyo. Ncha moja iliyoliwa upande mmoja inaonyesha injektere ya silindri hiyo, inayonyunyiza vibaya, na ndiyo inayopaswa kutolewa na kupelekwa kupimwa.